Chungu Nilichovunja Kwenye Gemu la Nakijwa

Jumamosi, Same mjini. Upepo unapuliza vumbi hadi ndani ya sufuria. Mimi! Niliyemkazia macho simba wa Mkomazi mpaka akaona haya, akaenda zake. Leo nimetetemeshwa na simu.

Mchana alikuja mpwa wangu Nakijwa, binti wa dada yangu wa Usangi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mama yako?"

"Bado anaumwa." Akatoa simu akaanza gemu lake, mizimu na laana tupu.

Nikamwambia lete hapa, mambo ya laana niulizwe mimi. Akanionya: mtu wake wa kwenye gemu ana roho moja tu, amemlea miezi minne. Akifa, anafutika.

Mtu huyo ana hirizi tatu shingoni. Mimi nilidhani hirizi inafukuza laana. Wapi! Inaichelewesha tu. Laana ikipiga, hirizi moja inapasuka badala yako. Zikiisha, zamu yako.

Nikafika kwenye kibanda kitupu cha bibi mmoja kipofu, mwenyewe kapanda mlimani. Pembeni kuna chungu. Gemu zote nilizoona vijiweni, chungu unavunja, dhahabu inamwagika.

"Mjomba, usi..."

Nikavunja.

Mpare mzima, na mvi zangu!

Kwetu chungu hakivunjwi hovyo. Anayekivunja huku akitaja jina la mtu, amemlaani yeye na kizazi chake. Basi na kwenye gemu, sauti ya bibi ikatoka mlimani ikitaja jina la mtu wetu. Kioo kikawa chekundu.

"Dawa ni moja," Nakijwa akasema. "Mwenye kosa apande mwenyewe kwa bibi."

Nikapanda. Kona ya kwanza, pa! Hirizi. Ya pili, pa! Ya tatu ikapasukia mlangoni kwa bibi. Shingo tupu. Yakatokea maandishi mawili ya Kizungu, Nakijwa akanitafsiria: hili mpige, hili omba radhi.

Kidole kikagoma.

"Bonyeza, mjomba! Anakufa!"

Nikabonyeza radhi. Mtu wetu akapiga magoti, wekundu ukaondoka. Nikaanza kujisifu, si ndiyo tabia yangu. Nakijwa akachukua simu yake taratibu.

"Kumbe kidole chako kinaweza kuomba radhi," akasema. Akaaga.

Sasa naandika nisichowahi kumwambia mtu.

Mwaka jana mimi na dada tuligombania migomba ya marehemu mama. Nilinyanyua chungu cha mama mbele ya dada, nikataja jina lake, nikaondoka nacho. Nilipofika kijiweni nikatangaza nimekivunja. Watu wakaniogopa wiki nzima, na mimi nikanenepa.

Maneno yakapanda hadi Usangi. Kuku wa dada akifa, ni chungu. Mahindi yakikauka, ni chungu. Sasa anaumwa kweli na hataki hospitali, anasema dawa ya mzungu haishindi chungu cha mama.

Chungu kiko chini ya kitanda changu. Hakina hata ufa.

Sikuwahi kumlaani dada yangu. Niliongopa tu, na uongo wangu ndio unamla.

Kesho namaliza kujificha. Nitakipakata chungu mapajani hadi Usangi, nikiweke mkononi mwake akipapase mwenyewe. Kijiji kizima kitajua mimi ni mwongo.

Hirizi ya kuzuia hilo sina.