Shangazi, Udongo Umeikubali Nyekundu

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua huko Kaniha utamwambia binti yako akusomee barua hii, nawe utajifanya unachambua maharage ili asikuone uso.

Nakumbuka uwanja wetu wa kitongoji cha Kirushya, hapo hapo Kaniha, siku zako za rangi. Unachemsha katani ya vikapu kwenye sufuria kubwa, unatia unga mwekundu, unakoroga kwa mti, na mikono inabaki myekundu mpaka Jumapili. Kanisani ulikuwa unaificha ndani ya kitenge. Mimi niliionea fahari mikono ile kuliko wewe mwenyewe.

Maji yaliyobaki uliyamwaga mferejini, kama kila mtu, nayo yakateremka hadi kisimani. Watu walipolalamika kwenye mkutano wa kitongoji kwamba ndoo zao zina wekundu, mimi nilikuwa kidato cha pili na nilijiona msomi. Nikasimama bila kuulizwa: "Ni rangi ya shangazi." Wanasema mdomo huponza kichwa, wangu uliponza cha kwako. Ulisema tu, "Mtoto amesema kweli. Maji ni ya wote." Ukaenda nyumbani ukafunika sufuria, na kesho yake ukanipa uji kama kawaida. Tangu siku hiyo umesuka vikapu vyeupe tu. Wateja wa Lusahunga waliokuwa wakigombania vile vyekundu wakaacha kukuulizia.

Sikusema uongo, Shangazi. Lakini nilipaswa kuanza kwako. Hilo limenikaa kifuani miaka yote hii.

Ndiyo maana chuoni, nilipotakiwa kuchagua kitu cha kuchunguza, nilichagua udongo wetu wa mfinyanzi, ule wa bondeni. Niliukausha, nikausaga, nikautia kwenye maji yenye rangi ya bluu. Rangi ikanata kwenye chembe za udongo, maji yakabaki meupe. Nilicheka peke yangu maabarani. Kisha nikajaribu nyekundu kama yako. Ikagoma kabisa! Mwalimu akanieleza kwamba udongo na rangi ile vina chaji ya umeme ya aina moja, kwa hiyo vinasukumana. Ikabidi niuoshe udongo kwa dawa ya jamii ya sabuni yenye chaji ya kinyume, niukaushe, nijaribu upya, tena na tena. Ulipokubali, nililia.

Nilibeba tope jekundu lililobaki nikalimwage nje, mkono ukasita. Ningelimwaga wapi, kama si mferejini tena? Limo kwenye ndoo yenye kifuniko, na bado natafuta namna ya kulimaliza. Bado napima pia kama ile dawa inabaki ndani ya maji, kwa hiyo hayo si ya kunywa.

Mwenyekiti wa kitongoji amepata habari, anataka nije niueleze mkutano. Nimemwomba asubiri. Jumamosi nitapita Kaniha na mfuko wa udongo na pakiti moja ya rangi. Tutachemsha sufuria moja tu, uone kwa macho yako, kisha wewe ndiye utakayesema kama jambo hili lifike mkutanoni au liishie hapo uani kwako. Ukikataa, nitakunywa uji wako nirudi zangu, na sitanuna.

Safari hii nimeanza kwako.

Mtoto wa kaka yako