Nimemnunulia Baba Ndege Asiyoweza Kuiona

Mshauri wa safu ya Meza ya Gundi,

Naomba unisaidie kabla sijamdanganya baba yangu tena. Naitwa Glenys, naendesha basi la shule hapa mjini Barrie, nina miaka hamsini na miwili na sijawahi kuunganisha hata ndege moja ndogo ya mfano ya plastiki, ila tangu Krismasi kichwa changu kimejaa ndege za vita vya kwanza vya dunia, zile zenye bawa juu ya bawa, na yote yalianza pale daktari wa macho alipotuambia kwamba baba yangu Orval, ambaye ana miaka themanini na minne na anaishi nami, kufikia kiangazi atabaki anaona pembeni tu, katikati hakuna kitu, basi nikamuuliza angependa kuona nini wakati bado anaona, nikidhani atasema maporomoko ya Niagara, naye akasema anataka kuiona ndege ya babu yake.

Huyo babu hakuwa rubani, alikuwa fundi wa nyaya kwenye kambi ya jeshi ya Borden mwaka 1917, kazi yake kukaza zile nyaya zinazoshikilia mabawa ya ndege za mafunzo, na Baba anasimulia jinsi alivyofundishwa naye utotoni, kwenye kamba ya kuanikia nguo, kuugusa waya kwa kidole na kujua kama umekaza sawasawa.

Nikaenda duka la ndege za kuunganisha, na pale kaunta wazee watatu walikuwa wanabishana kuhusu rangi ya kijani, nikaona aibu kuuliza, nikakuta ndege yetu kwenye maboksi mawili, moja limeandikwa 1/48 na jingine 1/72, nami nikachukua la 72 kwa sababu nilitaka kubwa, kwa ajili ya macho yake. Nilipolifungua nikakuta nguzo za mabawa ni nyembamba kuliko njiti za meno na rubani mzima analala juu ya ukucha wangu wa kidole gumba.

Niliporudi dukani, Lorne mwenye duka akaniambia, "Dada, hii si ya kuanzia. Anza na ya bawa moja, ukishaharibu tatu ndiyo uje kwa hii." Tatu! Nilipomgusia Baba habari ya bawa moja akasema hiyo ni ya babu za watu wengine. Nilishamwambia nimeiagiza yetu, na sasa kila asubuhi kwenye uji wa shayiri ananiuliza, "Imefika?" nami namjibu theluji imechelewesha mizigo, kumbe boksi liko chini ya kiti changu cha basi. Nianze na rahisi huku macho yakiisha, au nivamie hii hii? Na kwa kweli natamani kujua, nyinyi watu huwa mnachaguaje?

Glenys, Barrie

Glenys,

Ngoja kwanza nicheke, kisha nikugombeze. Namba ile ni ya kugawanya: ndege halisi imepunguzwa mara sabini na mbili, kwa hiyo namba ikikua, ndege inasinyaa. Nusu ya chama chetu cha waunganisha ndege walianza na kosa hilo, na nusu iliyobaki ni waongo.

Ila wewe unaendesha watoto arobaini juu ya barafu, halafu unaogopa wazee watatu wanaobishania kijani? Mmoja wao nilikuwa mimi. Ungeuliza, tungekufungulia maboksi yote mawili palepale, maana ndivyo tunavyochagua: tunaangalia vipande, si picha ya juu. Anayeanza ahesabu nguzo kati ya mabawa. Zikiwa chache, na ndege ikiwa ya rangi moja, hiyo ndiyo yake.

Lorne amesema kweli, lakini tatu ni nyingi mno kwa macho ya Orval. Haribu moja. Chukua ya bawa moja Jumamosi hii, ujaze gundi kila mahali, ujifunze kuipunguza. Kisha nenda kanunue la 48. Toboa matundu ya nyaya na upake rangi kabla hujabandika bawa la juu, kwa sababu likishakaa hakuna mkono utakaopita pale katikati. Kila mwaka mtu mzima analetwa na mkewe kwenye chama kwa sababu hiyo, amenuna.

Kwenye nyaya, watu watakushauri uzi wa kuvulia samaki. Kataa. Baba yako atakuja kuiona ndege hii kwa vidole, na uzi mgumu ukiguswa vibaya unang'oa nguzo. Tafuta uzi mwembamba wa mpira, unaovutika na kurudi.

Na kesho kwenye uji, toa boksi chini ya kiti uliweke mezani. Mwambie ulikosea namba. Nimesikitika kusoma kwamba mzee anailaumu theluji isiyo na kosa lolote, na wiki zake za kuona zinahesabika.

Bado umeelewa vibaya jambo moja: umedhani unamjengea. Wewe utabandika ncha moja ya kila uzi. Ncha ya pili mpe yeye avute, na kidole chake kiwe juu ya uzi, na wewe usitie gundi mpaka aseme umekaza. Kazi hiyo alifundishwa kwenye kamba ya nguo, na haihitaji macho.