Mwanya Chini ya Paa

Observatory, Johannesburg
20 Julai 2025

Kwako kaka yangu Moffat,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu, kwamba goti lako limepata nafuu, na kwamba wifi Gatwiri na wote hapo Timau hawajambo. Mimi ni mzima. Vidole tu ndivyo vinavyolalamika, kwa maana asubuhi sakitu hutanda kwenye nyasi kama chumvi iliyomwagika, na nyumba hizi zilijengwa na watu walioamini kwamba Afrika haina baridi.

Kwanza nikushukuru kwa kifurushi ulichompa Sidney wa benki aniletee mwaka juzi: majani ya chai, maharagwe, na lile sweta langu la kijani lililobaki nyumbani. Chai iliisha zamani. Shukrani ndizo zimechelewa miaka miwili, na sababu utaipata ukinivumilia hadi mwisho.

Nimeanza kufuga kuku. Cheka, nakuruhusu. Utauliza mtu aliyegombana na mawaziri, maaskofu na wahariri kwa miaka ishirini anatafuta nini kwa kuku. Natafuta mayai, na pia kiumbe asiyenijibu. Nafuga pamoja na Jeanne, fundi wa nguo kutoka Lubumbashi aliyepanga chumba changu cha nyuma. Tuna mitetea sita na jogoo mmoja mwenye undu mkubwa, ile nyama nyekundu ya kichwani, ambao huubeba kama askofu aliyetawazwa jana.

Mwezi wa sita baridi ilipoanza kuuma, niliziba banda. Nailoni kwenye kuta zote, magunia kwenye kila ufa, blanketi la kutoka spaza, kiduka cha mtaani, mlangoni. Jeanne alinitazama, pini zikiwa mdomoni, kisha akazitoa na kuniambia kwa Kiswahili chake cha Katanga, ambamo "yaya" ni dada mkubwa: "Yaya, hii haiko nyumba ya kuku. Ni sufuria na mufuniko." Akasema kuku hupumua usiku kucha na mavi yao yamejaa maji, na unyevu wote huo usipopata pa kutokea juu utawarudia wenyewe.

Unanijua. Nilimjibu kwa muda wa saa nzima. Nilimweleza habari za joto la mwili na kazi ya manyoya, nikamtajia vitabu vitatu. Aliniuliza tu kama hao walioviandika waliwahi kulala bandani.

Wiki mbili nilijiona mshindi. Kila asubuhi niliingiza mkono ndani, nikakuta joto, nikamwita aje aone. Yeye alinionyesha matone yaliyojaa kwenye nailoni na harufu ya mkojo iliyouma macho. Nilimwambia hayo ni mambo madogo.

Ndipo ukaja usiku ambao hata maji ya bomba yaliganda. Asubuhi jogoo hakuwika. Ncha za undu wake zilikuwa nyeupe kama nta, na siku zilizofuata zikawa nyeusi. Unyevu ulikuwa umemkalia kichwani kama kitambaa kibichi, baridi ikaugandisha pamoja na nyama. Nilitaka kumsugua mbele ya hita. Jeanne alininyang'anya, akasema nikimsugua nitamchuna ngozi. Alimweka kwenye boksi jikoni, mbali na hita, apate joto polepole. Kisha akapanda kwenye kigoda, akachana nailoni yangu chini ya paa, pande zote mbili, upana wa kiganja, juu kabisa kupita vichwa vya kuku wakiwa wamelala. Chini aliacha pamezibwa ili upepo usiwapige. Akatupa matandiko yaliyolowa, akamwaga maranda makavu. Hakusema hata mara moja kwamba alinionya, na mimi katika nafasi yake ningelisema hadi Krismasi.

Baada ya hapo zimepita siku za baridi kali zaidi, na kuku ni wakavu na wazima. Jogoo amepoteza ncha tatu, lakini anawika.

Nilipouona mwanya ule, Kaka, niliketi juu ya ndoo. Nilikuwa nimeuona kabla.

Mwanya kama huo ulikuwa kwenye banda la Mama, wiki ile tuliyomzika. Nilikukaripia mbele ya shangazi zetu, nikakuita mzembe anayewaacha kuku wa marehemu walale nje. Ulinijibu kwa sentensi moja, kwamba hewa mbaya lazima ipate pa kutokea, ukaenda kukama ng'ombe. Nami nikarudi huku nikaandika kwenye safu yangu ya gazetini juu ya wanaume wasioweza kutunza hata kile ambacho mama zao waliwaachia. Sikukutaja jina. Timau nzima ilikujua. Na habari zilipofika kwamba kuku saba wamekufa kwa mafua na jogoo wa Mama ameoza undu, shangazi walisoma makala yangu kama hukumu ya mahakama.

Sasa nikwambie nisichowahi kumwambia mtu. Jioni ya kuamkia safari yangu nilichukua ngazi, nikauziba mwanya wako. Nilipigilia nailoni kwa ndani ambapo usingeiona upesi, nikajaza magunia, na magunia yalipokwisha nilivua sweta langu la kijani nikalisokomeza pembeni. Iliyowaua kuku wa Mama ni mikono yangu.

Kwa hiyo Sidney alipoufungua mzigo na nikaliona sweta limefuliwa, limekunjwa, na tundu la msumari begani limeshonwa, nilijua kwamba unajua. Ulikuwa na ushahidi wa kuninyamazisha mbele ya ukoo mzima. Ukaufua, ukaushona, ukaniletea nisipate baridi. Nilijiambia kuku walikufa kwa ugonjwa tu, nikanyamaza. Mwaka huu siwezi tena.

Nimeandika makala nyingine. Humo nimejitaja kwa jina. Haitaenda kwa mhariri kabla hujaisoma, na ukisema isitoke haitatoka. Lakini shangazi nitawaandikia mwenyewe, kila mmoja barua yake, hilo sikuombi ruhusa. Ahsante, Kaka. Nimeandika mengi maishani, na neno hilo nimelitumia mara chache mno.

Nitakuja Desemba. Jeanne anakusalimu, anasema angependa kumwona mtu mwingine aliyewahi kubishana nami akashinda kwa kunyamaza. Mpe wifi mkono wangu, na upitie kaburini kwa Mama umwambie nimesema.

Nakuandikia nikiwa nimevaa sweta. Ule uzi ulioshonea ni mweusi, sweta ni la kijani. Sitaubadilisha.

Mdogo wako,
Kawira