Ulikuwa Unamwita Anko Yupi?

Nyumba Na. 14, Barabara ya Kinu,
Harlan Falls, Ohio.
Jumatatu, 29 Agosti.

Mpendwa mpwa wangu Brennan,

Pokea salamu zangu, mimi mjomba wako Lyle. Hujambo huko Alaska? Kile kikohozi cha Machi kimekuacha? Unakula vizuri? Mama yako anasema hapo kambini mnakofanya kazi mmepewa makoti mazito kama magodoro. Lako usilivue, hata ukiwa ndani. Sisi huku wazima. Goti langu la kushoto linalalamika kila likinusa mvua, lakini bado linanibeba, na uzito wangu unaujua.

Mahindi ya mwaka huu nikikueleza utasema naongeza. Siongezi. Ilibidi nipande ngazi ya kusafishia paa ndipo nikavunja hindi la kwanza, na nilipokuwa juu kule akapita rubani wa ile ndege ya kunyunyizia dawa, nikampungia mkono, naye akaniuliza habari za nyumbani. Mke wangu Noreen alikuwa ameshika ngazi, muulize.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha chini. Ningekupigia, ila kambi yenu ina hiyo sheria ya simu moja kwa wiki, na hiyo simu yenyewe ndiyo habari nitakayokuandikia.

Jumamosi ilikuwa siku yetu ya kuchagua wachezaji wa mpira wa Kimarekani kwa zile timu zetu za karatasi. Mama yako mpaka leo anatucheka, eti watu wazima tunagombania majina ya vijana wasiotujua, wao wakicheza vizuri viwanjani Jumapili, sisi ndio tunaohesabu pointi na kutembea vifua mbele. Mwache acheke. Mwaka jana nilimkuta jikoni anamshangilia mdakaji wangu.

Tulikutana pale pale, ukumbi wa zimamoto, watu kumi na wawili, timu kumi na mbili. Arlene Pulaski, msimamizi wetu, alisimama mbele ya ubao na karatasi zake za gundi, kila karatasi na jina la mchezaji. Sheria yake haijabadilika: karatasi ikigusa ubao haibanduliwi, hata mtu alie machozi. Soseji zilichomwa vizuri. Viazi vya mayonezi vya Noreen viliisha kabla vya mke wa Wendell havijaguswa, na hilo naomba ulikumbuke.

Tuliokota namba kwenye kofia ya zimamoto. Mimi nikapata zamu ya nne. Baba yako mdogo, Wendell, akapata ya tano, akaja kukaa nyuma yangu na ile fulana yake iliyoandikwa "Bingwa Mara Tatu". Brennan, fulana ile anaivaa yeye lakini anayewashwa ni mimi.

Ukumbi mzima ulikuwa unamzungumzia Tolliver, yule mrushaji kijana anayerusha mpira yadi hamsini utadhani anamtupia mkewe funguo za gari. Buck Lindqvist, kinyozi, hakumtaka.

"Mrushaji wa nini zamu ya kwanza?" akasema. "Chukueni wakimbiaji. Warushaji wamejaa tele, mwishoni unajiokotea mmoja."

"Ndiyo maana kila mwaka unashika mkia," Arlene akamjibu. "Timu bila mrushaji ni harusi isiyo na bwana harusi."

"Harusi yangu bwana harusi alikuwepo, Arlene, na bado ilivunjika!"

Watu wakacheka hadi bia ikamwagika. Nikaona niwaeleweshe, maana kati yao wote aliyewahi kurusha mpira wa maana ni mimi. Nikawakumbusha ule mwaka wangu wa mwisho shuleni, nilivyorusha mpira ukavuka mto, ukapita dirishani kwa Walutheri, ukatua mikononi mwa mchungaji naye akiwa kwenye mahubiri. Hakuudondosha.

"Lyle," Wendell akasema nyuma yangu, polepole, ili wote wasikie, "mwaka juzi huo mto ulikuwa mfereji. Kila ukisimulia unapanuka."

Nilikuwa na mpango wangu kichwani: nimchukue Bascombe, yule mkimbiaji mwenye mapaja kama magogo, halafu nijenge timu taratibu, wadakaji wawili, mrushaji baadaye. Mpango mzuri kabisa. Watatu wa mwanzo wakachagua, Bascombe akabaki, zamu ikanifikia. Mkono wangu ulikuwa umeshainuka.

Ndipo nikakusikia. "Anko! Mchukue Tolliver, usiwasikilize hao! Jenga timu yote juu yake!"

Sauti yako, Brennan. Sikuuliza imetokea wapi. Nilidhani mama yako amekupata kwenye simu akakuleta kwangu. Miaka sita tulikaa meza ile pamoja, wewe penseli mkononi, mimi maneno mdomoni, na tangu uondoke kile kiti kando yangu huwa naweka koti ili asikae mtu. Nikaona sasa mambo yamerudi kama zamani. Nikamwacha Bascombe hapo hapo.

"Mmemsikia mpwa wangu?" nikawaambia. "Yuko Alaska na bado ananifikiria!" Nikambandika Tolliver kwenye safu yangu, nikampiga ngumi mbili ashike barabara.

"We Lyle! Huyo anko aliyeitwa ni mimi!"

Nikageuka. Simu ilikuwa mezani kwa Wendell, kando ya bia yake, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, nawe unauliza, "Anko Wendell, kuna nini huko? Nani kamchukua?" Halafu mtandao ukakatika. Ndiyo maana nakuandikia, kwa kuwa yaliyofuata hukuyasikia.

Kosa si langu. Mimi kaka wa mama yako, yeye mdogo wa baba yako, wote unatuita anko. Mtu atajuaje?

"Lyle kaiba mrushaji kwa sikio!" Buck alipiga kelele, na ukumbi ukalipuka. Arlene alicheka mpaka karatasi za gundi zikamganda kwenye nywele.

"Bandua," akasema Wendell.

"Imegusa ubao."

"Bandua, bwana. Kijana alikuwa anaongea na mimi. Kila Jumamosi anaongea na mimi."

Kila Jumamosi! Mpwa wangu, una simu moja kwa wiki. Mimi nilikuwa nawaambia watu huyu kijana bila shaka amepata mchumba, simu yote inaishia huko, na nilikuwa nafurahi kwa ajili yako. Kumbe mchumba mwenyewe ni Wendell, mtu asiyeweza hata kuwasha jiko la mkaa bila kuita zimamoto.

Hakuishia hapo. Akawaambia watu kwamba umepandishwa cheo, sasa wewe ni msimamizi wa zamu yako. Wote wakanigeukia mimi kunipa hongera. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa na habari tangu zamani. Sikuwa nayo. Hongera, Brennan. Nimefurahi, ila ningefurahi zaidi kama nisingeisikia kwa yule.

Arlene akatoa uamuzi wake: karatasi haibanduliwi na mtu mwingine, ila mwenye safu akitaka kuibandua mwenyewe kwa hiari yake, hatamzuia. Basi Wendell akamchukua Bascombe huku amenuna, na mimi nikarudi nyumbani na mrushaji bora kuliko wote. Wewe mwenyewe unajua nimengoja siku ya namna hiyo miaka mingapi.

Jana nilitoa daftari la timu yangu nilitazame. Jina lake liko juu kabisa. Nikajaribu kujisifu kwa Noreen, yeye akaniuliza mbona leo hadithi zangu ni fupi. Nilichokuwa nawaza ni hizo Jumamosi zenu. Nani alikufundisha kushika mpira, vidole juu ya uzi, dole gumba chini? Nani alikaa nawe kwenye baridi siku mlipofungwa arobaini na mbili kwa sifuri, akakuambia mwamuzi alikuwa kipofu? Wendell siku hiyo alikuwa garini, amewasha kipasha joto.

Leo asubuhi nilimwendea Arlene akanifungulia ukumbi. Nimembandua Tolliver kwa mkono wangu, akatoka na rangi ya ubao. Sasa yuko kwenye safu ya Wendell, naye Wendell kwa hiari yake amenibandulia Bascombe. Usidhani nimefanya wema, sina wema na mtu mwenye fulana ile. Ila sitaki mchezaji uliyemchagulia mwingine. Kila akirusha vizuri ningekuwa nakusikia unamwambia yeye, na msimu ni mrefu.

Ninachotaka kutoka kwako si mrushaji. Jumamosi hii nipigie mimi kwanza. Hata dakika tano, kisha nitampelekea yeye simu mmalizie zilizobaki, sitauliza mmezungumza nini. Usinipe ushauri wa wachezaji ukitaka. Niambie kazi ikoje, nani anakusumbua, unakula nini. Na ukianza usiseme anko tu. Taja jina. Nitakuwa nimeketi na simu mkononi tangu saa nne asubuhi, na Noreen nimemwambia asiiguse.

Mama yako anakusalimu sana, na baba yako pia, mgongo wake umepata nafuu. Noreen anakutumia soksi kwa posta. Arlene na Buck wanakuulizia. Wendell hakunipa salamu zako, nami sikumwomba. Mungu akulinde na hiyo baridi, akuweke mbali na mashine zinazozunguka, akurudishe kabla ya mahindi mengine.

Ni mimi nikupendaye kuliko huyo mwingine,
Anko Lyle