Yai Lako Bado Liko Kiotani

S.L.P. 61,
Manyatta,
Embu.
14 Agosti, 1988

Mpendwa Mama Cicily,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku nyumbani, nikitumaini joto la Kisumu halijakuchosha. Mguu wako je, bado unavimba jioni? Binti yetu na mumewe hawajambo? Na Munyi, na yule mdogo aliyepewa jina langu, wanakula vizuri? Mimi ni mzima. Nasema mzima kwa sababu silali mchana, lakini baridi ya mwezi huu imehamia kwangu kabisa, na ukungu hautoki kwenye michai mpaka saa sita.

Kahawa imepaliliwa. Ng'ombe anakamuliwa, ingawa ananiangalia vibaya, amezoea mikono yako. Kanisani wanakuulizia kila Jumapili, mpaka nimeanza kukaa viti vya nyuma ili nitoke kabla hawajanifikia.

Sasa habari kubwa. Wale vifaranga uliowaacha na manyoya nusu nusu wameanza kutaga! Ulisema nisiwafungie, niwaache wajitafutie kwenye nyasi, na kweli nimewaacha, wamemaliza wadudu wote wa kule chini karibu na mto. Asubuhi moja nikasikia mmoja anapiga kelele nyuma ya ghala la mahindi kama mtu aliyeibiwa. Kwenda kutazama, yai. Lakini yai gani hilo! Dogo kama la njiwa, na lina mstari wa damu kwenye ganda. Haki ya Mungu nilishtuka. Nilidhani ni ugonjwa umeingia. Nikalifunga kwenye leso, nikampelekea jirani yetu Mama Mbaka, uso nimeukunja kama mtu anayepeleka habari za msiba.

Alicheka mama huyo mpaka akashika nguzo. "Baba Cicily, kwani wewe ulizaliwa na ndevu?" Ndipo akanieleza kwamba kuku wachanga wote huanza hivyo, na mayai hukua kadiri wanavyokua wao. Miaka yote hii nimekula mayai ya nyumba hii na sikujua, maana nilikuwa nayaona yakifika mezani tu.

Hilo la kwanza sikulila. Ulipokuwa unapanda basi ulininyooshea kidole ukasema, yai la kwanza ni langu, usiguse. Nikaliweka kwenye kikombe chako juu ya kabati. Yaliyofuata nikayaokota yote, kila siku, nikijisifu kwamba hata mimi nimekuwa mfugaji. Kumbe naharibu! Kuku wakahama, wakaenda kutaga kwenye majani ya ng'ombe, na nguchiro akashiba vizuri. Mama Mbaka akaja kunicheka tena. Kuku akikuta kiota kitupu anaona hapo si kwake, lazima umwachie yai moja. Basi nikachukua lile lako, nikalitia alama ya makaa nisije nikalikaanga kwa makosa, nikaliweka kiotani. Wamerudi wote.

Sasa mayai yamejaa bakuli na hakuna wa kuyala. Nakaanga mawili, nakula nimesimama pale jikoni, kwa sababu nikikaa mezani nakuta kiti chako kinanitazama. Redio naifungulia sauti ya juu, hata ikisema lugha nisiyoijua, mradi kuna mtu anaongea ndani ya nyumba. Jana nilimwita kuku kwa jina lako. Usicheke.

Cicily ameniandikia. Anaomba nikuruhusu ukae huko mpaka mtoto wake mdogo aanze shule ya nasari. Mtoto mwenyewe hata kukaa hajajua! Anasema wewe umesema uamuzi ni wangu. Juzi nilimjibu kwamba sawa, mama akae, kwa sababu ndivyo babu anavyotakiwa kujibu. Nikabandika stempu. Nikaenda na hiyo barua mpaka posta, nikarudi nayo. Leo asubuhi nimeitumia kuwasha moto wa chai.

Mama Cicily, siwezi. Huyo mtoto nampenda ingawa sijamwona hata sura, lakini Gitari mdogo ana mama, ana baba, na nyanya anaye. Gitari mkubwa ana kuku. Ulisema unaenda kwa mwezi mmoja, sasa ni wa tano, na tazama, vifaranga wamekuwa mama. Wanjira wa dada yangu amemaliza shule na yuko tayari kuja kumsaidia Cicily, nimeshamuuliza. Wewe rudi nyumbani. Sikuamrishi, nakuomba. Nina upweke mwingi, na sasa nimesema.

Barua hii usimpe Cicily aisome. Msalimie tu, yeye na mkwe wetu, na umshike Munyi kichwa kwa niaba yangu. Mama Mbaka anakusalimu, na mzee Mbae wa kanisani pia.

Nimesahau kukwambia, yai lako limeoza. Nikilitikisa linacheza ndani. Mama Mbaka anasema nilitupe niweke jipya, nimekataa. Liko hapo na alama yake, kuku wanaingia na kutoka. Utakuja ulitoe mwenyewe.

Mungu akulinde njiani. Ona, nimeandika njiani, kama vile umeshaanza safari.

Ni mimi wako, nikupendaye, neno ambalo sijawahi kukuandikia,

Gitari