Mtoto Mwenye Jina la Upande Mmoja

Kisii Mjini,
Februari 1975.

Kwa kaka yangu mpendwa Momanyi,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Ni mimi mdogo wako Nyangate. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, umekula, na kwamba kazi ya miwa huko Jinja haijakuvunja mgongo. Huko nyumbani Ikonge wote hawajambo. Baba bado ni mzee wa kanisa na bado anakohoa kila asubuhi. Nyanya haoni vizuri lakini anasikia hata yasiyomhusu. Mvua ya mawe iliharibu chai yetu mwezi wa Desemba, ila sasa imeanza kuchipua. Habari za mama nitakueleza baadaye.

Nimeiandika barua hii kwa Kiswahili, si kwa Kigusii, kwa sababu sijui itafika mikononi mwa nani kwanza. Anaichukua binamu yake shemeji yetu mpya, nitakayekueleza sasa hivi; binamu huyo ni dereva wa lori na hufika Busia. Huko atampa mwenzake anayevuka. Kama ni mtu mwingine anayeisoma, namwomba kwa heshima amtafute mwenyewe.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na sasa nangoja matokeo. Wakati nikingoja, nimetumwa hapa mjini kumsaidia dada Bonareri. Labda hujui kwamba dada ameolewa. Utajuaje, na hujatuandikia tangu mwaka ule Wahindi walipofukuzwa huko? Ameolewa na Abdirashid, Msomali mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Amezaliwa hapa hapa Kisii, na Kigusii chake cha kupatana bei ni kizuri kuliko changu. Baba alikataa posa karibu mwaka mzima kwa sababu ya dini, kisha akachoka kukataa. Dada alisilimu, msikitini anaitwa Halima, nyumbani bado ni Bonareri. Yeye husema majina mawili hayamsumbui hata kidogo, yanawasumbua watu wengine.

Mwezi uliopita alijifungua mtoto wa kiume. Ni mnene, masikio yake ni yako kabisa. Ungedhani hiyo ni furaha tupu. Kaka, mimi sijawahi kuchoka maishani mwangu kama nilivyochoka kwa ajili ya jina la mtoto huyu.

Kabla hajazaliwa, Abdirashid alimwahidi dada kwamba mtoto atapata jina la kwao na jina la kwetu. Ahadi ilikuwa nyepesi kwa sababu walikuwa wawili tu walipoahidiana. Mama yake Abdirashid, Mama Kinsi, alipoisikia alisema kwao jina ni moja, na nyuma yake hufuata la baba na la babu. Mtoto ataitwa Idris Abdirashid Gulled, na atakayetaka kuongeza jingine aonyeshe kwanza mahali pa kulitia. Nyanya naye akatuma ujumbe kutoka Ikonge kwamba hamjui mtu anayeitwa Idris. Alikufa lini? Alizikwa wapi? Mtu hawezi kumpa mtoto jina bila kujua ni marehemu gani anayerudi nyumbani.

Wa kutafsiri, nikipeleka maneno kati ya mji na Ikonge, nilikuwa mimi. Nyanya hajui Kiswahili na Mama Kinsi hajui Kigusii zaidi ya salamu. Unanijua, kaka. Hata shuleni mwalimu akiniuliza swali nilikuwa nasikia masikio yakiwaka moto. Sasa nimewekwa katikati ya wanawake wawili wazee, kila mmoja akiniambia, mwambie, mwambie hivyo hivyo usipunguze. Nikipunguza ukali, yule aliyesema anajua kwa jibu ninalomrudishia. Mama Kinsi aliwahi kuniuliza kama watu wetu hawaogopi kumvika mtoto mchanga jina la maiti. Nyanya akaniuliza kama watu wao hawaoni haya kuwaacha wafu wao nje kwenye baridi. Mimi nilitaka tu kwenda kufua nepi.

Halafu siku ya saba ikaangukia Sabato. Baba akasema hawezi kukaa penye kuchinja na kupika siku hiyo. Abdirashid akasogeza akika hadi Jumapili, Mama Kinsi akanuna. Wakakubaliana kondoo achinjwe hapa mjini asubuhi, mtoto anyolewe na apewe jina Idris, kisha mchana sote twende Ikonge ili Nyanya naye ampe la kwetu. Abdirashid alikodi gari ili mamake asiumie miguu. Nilidhani mambo yameisha.

Tulipofika, watu walikuwa wamejaa hadi uani. Nyanya alimpakata mtoto, na kwa kuwa alikuwa akilia, akaanza kumwitia majina ya marehemu wetu mmoja mmoja, akingoja ni lipi litakalomnyamazisha. Alimwita Ombui. Mtoto akalia. Alimwita Onsongo. Akalia zaidi. Alimwita Manasseh, yule kaka yake Nyanya aliyekufa vitani. Mama Kinsi akaniambia nimwambie Nyanya kwamba huyu anataka kunyonya, hataki mjomba. Sikutafsiri.

Nyanya akambadilisha mtoto mkono. Kisha akasema, polepole kama mtu anayejaribu mlango, "Momanyi."

Mtoto akanyamaza.

Kaka, pale nje hakuna aliyesogea. Dada Bonareri alisema mtoto amechoka tu kulia. Nyanya hakumsikiliza. Alisema ameona mwenyewe, na sote tumeona, na kwamba alikuwa ameshajua muda mrefu ila alikuwa hataki kuwa wa kwanza kulisema. Unafahamu maana yake. Kwetu mtoto hapewi jina la mtu aliye hai. Kama mtoto ni Momanyi, basi wewe hupo tena duniani.

Nilimtazama baba. Nilidhani yeye, mzee wa kanisa, atasema mambo hayo ni ya giza, kama anavyosema siku zote. Hakusema. Alikuwa ameinamisha kichwa anaizungusha kofia yake mikononi. Kisha akasema, "Angalau tutakuwa tunaliita tena jina hilo hapa mlangoni." Ndipo nikajua kwamba hata yeye amechoka kukungoja. Hawakuwa wanafanya ubaya, kaka. Walitaka walie wamalize, halafu wamlee huyu mdogo.

Mama alikuwa amesimama karibu na migomba. Hakulia. Alikuwa anamtazama Nyanya kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua na hana maji. Shemeji Abdirashid hakuelewa ni kwa nini watu wamenyamaza. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Shemeji, jina hilo lina ubaya gani? Mimi nimelipenda."

Nilipaswa kumweleza. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema kwa Kigusii, mbele ya wazee wote, kwamba Momanyi hajafa.

Nyanya akauliza ni nani huyo anayesema. Wakamwambia ni Nyangate. Akauliza, Nyangate yupi? Watu wengine wakacheka. Nyanya akaniambia nisogee, akanishika mkono, akaniuliza ninajuaje.

Hapa ndipo penye jambo lililonifanya nikuandikie, na nimelizungukia kwa sababu ninaona haya. Nilisema umeniandikia. Nilisema barua yako ilinifikia kupitia shule, kwamba u mzima, kwamba ulihama kazi na ndiyo sababu ya kimya, na kwamba unamsalimu mama. Walipouliza barua iko wapi, nilisema ilibaki shuleni kwenye vitabu vyangu. Hakuna barua, kaka. Hukuniandikia hata mstari mmoja. Nilisema uongo siku ambayo mpwa wetu alikuwa anapewa jina, na wote wakaniamini. Waliniamini kwa sababu sisemi. Walijua msichana kama mimi hawezi kufungua mdomo mbele ya wazee kama hana la kweli.

Nyanya alimrudisha mtoto kwa mama yake na kusema kama ni hivyo hatatoa jina lolote, atangoja asomewe barua hiyo kwanza. Kwa hiyo mtoto ana jina la upande mmoja tu. Dada amenikasirikia kwa sababu majirani wa Ikonge wanamwita "yule wa dukani". Mama Kinsi ananicheka kila asubuhi na kuniambia, "Sisi tumeshamaliza, nyinyi bado mnangoja posta." Abdirashid hataki mtoto aandikishwe serikalini kabla jina la pili halijapatikana, maana aliahidi. Kila mtu akija dukani kutoka kwetu ananiuliza kama nimekwenda kuchukua barua.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Ni mama. Siku ile ile jioni, kabla hatujaondoka, nilimkuta anachota udongo. Tangu wakati huo amekuwa akikandika upya ile esaiga yako, nyumba yako ya ujana, ambayo ukuta wake mmoja ulianguka msimu wa mvua. Anakandika peke yake, hataki kusaidiwa. Juzi nilipokwenda kumwona alikuwa ameshafika kwenye dirisha, na alikuwa anaimba. Aliniuliza kama uliandika ni mwezi gani utakuja. Nilimwambia hukutaja mwezi.

Kaka, mimi nimekukasirikia sana. Kama u hai na umekaa kimya hivi, sijui ni nini tulichokukosea. Kama una mke huko, au umefungwa, au huna nauli, au unaona haya kurudi mikono mitupu, hakuna atakayekuuliza, mimi nitahakikisha. Andika tu. Andika mistari miwili kwa mkono wako, hata kama huna la kusema, na uweke tarehe ya mwaka jana. Na kama huwezi kuandika kwa sababu ile ambayo Nyanya aliisema, basi wewe uliyeifungua barua hii badala yake, tafadhali niandikie wewe, mimi tu, dukani kwa Abdirashid. Nitajua namna ya kumwambia mama aweke udongo chini. Mtoto atapata jina lake, nami nitakuwa wa kwanza kumwita.

Kila mtu hapa anakusalimu, wakubwa kwa wadogo, pamoja na huyu ninayempembeleza kwa mguu ninapoandika. Analia, na mimi namwita Idris tu.

Ni mimi mdogo wako asiyesema,
Nyangate.