Mrija Nilioufuta

Kasulu,
Jumapili, baada ya misa.

Kwako dada yangu Epifania,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, na naomba barua hii ikukute mzima, wewe, shemeji na watoto. Baba kifua chake kinaendeleaje na baridi ya huko Njombe? Mwambie nimempatia asali nzuri ya Kibondo, asihangaike na ile ya dukani iliyojaa sukari. Mimi mwili hauna neno, na shuleni hatujambo. Roho ndiyo haijatulia, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Wewe ukipokea simu unaweka sauti kubwa, na baba anasikia hadi uani.

Wiki iliyopita uliniuliza kama bado namtaka Fidele, kwa kuwa wageni wake watafika kwa baba mwezi ujao kuleta posa. Nikakata simu nikasingizia mtandao. Nisamehe. Jibu lake ni refu, na ukilisoma lote ndipo utajua umwambie baba awapokee au awarudishe.

Kwanza mtoe baba wasiwasi kuhusu uraia. Wazazi wa Fidele ndio waliotoka Burundi zamani hizo. Yeye amezaliwa Kumsenga, wilaya ya Kibondo, kitambulisho anacho, na biashara yake ya maharage hapa Kasulu kila mtu anaijua. Likizo ilipofika akasema twende kwao nikamwone mama yake. Tulikwenda kwa pikipiki yake, na akaniahidi kunionjesha vinywaji vya kwao njia nzima, kwa sababu niliwahi kujisifu mbele ya rafiki zake kwamba hakuna kinywaji duniani kinachoufikia ulanzi wetu wa mianzi.

Tulianzia Makere. Pale tulipewa mutobe, maji ya ndizi mbivu yaliyokamuliwa kwa majani, matamu na hayalevyi. Nilimaliza kikombe nikaomba kingine. Fidele naye akanywa, akapangusa mdomo, akasema ni mzuri ila wa Maximilla huwa mwepesi zaidi. Sikujali. Mbele kidogo kabla ya Kibondo tukasimama kwa bibi mmoja anayeuza impeke, pombe ya mtama, nzito, ina uchachu kama uji uliolala. Nilikuwa bado naitafuna, maana ile huinywi tu, Fidele akasema Maximilla ndiye anayejua kukaanga mtama. Tulipofika Kibondo sokoni tukanunua wanzuki wa asali, nami kabla hajafungua kinywa nikamuuliza kama huo Maximilla hautengenezi. Akacheka, akasema anautengeneza, lakini Krismasi tu.

Nilikitua kikombe kikiwa nusu. Nikamuuliza huyo Maximilla ni nani. Akasema ni jirani.

Dada, jirani! Mwanamume akisema neno hilo huku anakagua tairi la pikipiki ambalo halina tatizo, wewe ungefikiri nini? Najua utaniambia wivu ni kidonda. Kidonda ninacho, kilianzia Makere, na kufika Kibondo kilikuwa kimeshatunga usaha.

Kumsenga walitupokea vizuri mno. Mama yake, Mpawenimana, alinikumbatia akisema amahoro, amahoro, yaani amani, mpaka nikaona haya kwa yale niliyokuwa nayawaza juu ya mwanawe. Jioni ndugu walikusanyika sebuleni, wakaweka katikati chungu cha urwarwa, pombe yao ya ndizi, na ndani yake mrija mrefu wa mwanzi. Mama akasema tumngoje aliyeipika, Maximilla. Nilikuwa nimemwomba Mungu mwanamke huyo awe mzee, au basi awe na pengo.

Akaingia. Mrefu, shingo ndefu, meno yote anayo. Anaongea kwa sauti ya chini ambayo watu wananyamaza ili waisikie. Hana mume. Anaishi peke yake katika nyumba ya bati aliyoijenga kwa pombe yake mwenyewe, na hayo aliniambia mama mkwe kwa fahari kama anayemsifia binti yake.

Sasa sikiliza desturi yao. Aliyepika huonja kwanza mbele ya watu, kuonyesha kwamba pombe ni salama, kisha mrija ule ule unapita kwa wengine. Maximilla akainama akanywa. Akampa Fidele mrija. Fidele akanywa palepale alipotoa mdomo yule mwanamke, akafumba macho. Kufumba macho kwa kinywaji, mimi sijawahi kumwona akifanya hivyo. Kisha akanigeuzia mrija, na mimi bila kufikiri nikatoa kitambaa mfukoni nikaufuta. Nikaufuta vizuri, pande zote.

Mama yake akasimama akatoka nje. Nilidhani nimeonekana mwenye maringo tu, kumbe nimefanya kubwa kuliko hilo. Baba mdogo wa Fidele, mzee Niyongabo, ndiye aliyenieleza, taratibu, kwa Kiswahili cha kutafutatafuta: "Mwalimu, mrija umeonjwa, weye unaufuta. Umetwambia tumekuwekea sumu."

Niliapa kwamba sikuwa na maana hiyo. Nikasema ni habari ya vijidudu, kwamba mimi hufundisha sayansi na nimezoea. Fidele alinitazama, na nadhani yeye peke yake alijua kwamba naongopa. Mama yake alikwisha kusema huko nje kwamba posa haitakwenda Njombe, hawezi kupeleka ng'ombe kwa watu wanaomwona mchawi. Mzee Niyongabo akatafuta njia. Akasema asubuhi kiletwe chungu kingine, watu wale wale wakae, nami ninywe na Maximilla kwa mrija mmoja, yeye na mimi, mimi na yeye, bila kitambaa. Hapo neno la sumu litakuwa limefutika. Maximilla angeweza kukataa, maana ndiye niliyemtukana. Akasema atakuja.

Na akaja, na chungu chake kichwani, amevaa kitenge kipya. Tukainama pamoja, vichwa karibu kugusana. Akaonja, akanipa mrija, na kabla sijaupeleka mdomoni akaninong'oneza, kwa upole kabisa, kama unavyomtuliza mtoto anayeogopa sindano: "Mwalimu, usiwe na hofu. Huyo mimi mwenyewe nilimkataa. Kunywa."

Nikanywa. Wanawake wakapiga vigelegele, mama akarudi akanishika mikono, posa ikafufuka. Kila mtu alifurahi. Mimi nilikuwa na kinywa kimejaa pombe ya yule mwanamke, na ilikuwa tamu, dada. Tamu kuliko zote nilizoonja njiani. Angekuwa ameachwa na Fidele ningemhurumia na yakaisha. Lakini amemkataa! Mimi nimekaa mwaka mzima nawaringia watu kwa huyu mwanamume, kumbe kuna mtu alimwangalia akaona hamfai.

Wakati wa kurudi nilishika chuma cha pikipiki, kiuno chake sikukigusa. Mvua ikatukamata Makere, tukajibanza kibarazani pa duka lililofungwa. Nikamuuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli, alimwendea mara mbili, na wazazi walitaka, Maximilla ndiye hakutaka. Nikamuuliza, na kama angekubali?

Nilitaka anidanganye. Nilimwomba Mungu amfanye anidanganye. Fidele akanitazama usoni akasema, "Ningemwoa, Yusta. Na wewe nisingekujua."

Nililia, akaniacha nilie. Hakuongeza neno la kulipaka asali lile jibu. Nimelifikiria tangu siku ile. Angesema hakumpenda kamwe, ningecheka mpaka Kasulu, na nisingemwamini tena maishani. Kwa hiyo, dada, mwambie baba awapokee. Namtaka.

Lakini kuna jambo ambalo nitakuambia wewe tu. Juzi mama yake alipiga simu, akisitasita. Pombe ya posa lazima aliyeipika aende nayo, aionje mbele ya baba yetu, na wao hawana mpishi mwingine wa kumwamini. Nikamjibu kabla hajamaliza kwamba Maximilla aje, namkaribisha mimi mwenyewe. Akanibariki kwa Kirundi maneno mengi nisiyoyaelewa. Fidele anasema hajaona mwanamke mwenye moyo mkunjufu kama wangu.

Moyo mkunjufu sina. Nataka asafiri siku mbili, akae sebuleni kwetu, amwone Fidele ndani ya suti, amwone akipiga magoti kwa baba kwa ajili yangu, na ajute. Hata kidogo tu. Nataka nami nionewe wivu na mtu aliyeniumiza kwa wema.

Mpikie vizuri, na umkalishe mahali anapomwona Fidele sawasawa. Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na baba mpe pole ya kifua. Siku hiyo mimi nitakuwa nimeinamisha kichwa kama binti anayeposwa, kwa hiyo mtazame wewe kwa niaba yangu. Ukiona amejuta, nifinye. Asipojuta, tafadhali dada, nifinye hivyo hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Yusta